Mtego wa Mwisho wa Merle

Magoti yangu ni mabovu, jicho la kushoto lina ukungu, na nilikuwa bibi wa wajukuu tayari nilipoanza kujifunza kutega paka-mwitu. Chekeni tu. Lavon Etchart alicheka mpaka akapaliwa na kahawa yake pale duka la chakula cha mifugo.

"Shemeji Nadine," akaniambia, "ukianza na paka leo, kesho utatuambia unakwenda kupanda mgongoni mwa ng'ombe dume kwenye maonyesho."

"Funga domo lako, Lavon. Sitafuti paka wa kukamata. Namtafuta ambaye ameshakamatwa."

Hapo kicheko kikamwisha, maana yeye naye ni mtegaji, na mtegaji anajua maneno hayo yana uzito gani.

Mume wangu ni Merle Stoddard. Ametega makorongo ya upande wa mashariki wa mlima wetu tangu kabla hajanioa. Paka wa huku Nevada mnamjua: mkia kama umekatwa kwa shoka, miguu mirefu ya nyuma, tumbo jeupe lenye madoa. Ngozi ya huyo ndiyo iliyotusomeshea mtoto. Lakini pamoja na miaka yote hiyo, mitego inawekwa wapi, mimi mke wake sikujua. Huku kwetu mtegaji haulizwi njia yake. Hamwambii jirani, hamwambii kasisi, na mkewe ndiye wa mwisho kuambiwa. "Nikikwambia wewe utamwambia dada yako," Merle alikuwa anasema, "na dada yako nikimwambia jambo nimelitangaza redioni." Kwa dada yangu hakukosea.

Basi njia yote ilikuwa kichwani mwake. Na kichwa kikaanza kuvuja.

Kilianza kidogo kidogo, kama vinavyoanza. Maziwa kwenye kabati la bunduki. Jina la mbwa likapotea. Alisimama sebuleni akauliza mama yake amekwenda wapi, mama ambaye sisi wawili tulimzika. Mwanetu Travis, aliye Reno, tukakubaliana naye kwa simu kwamba mwaka huu baba hategi. Merle mwenyewe alikubali, akatikisa kichwa kama mtoto mwema. Kisha mkwe wangu akajifungua, nikaenda Reno kumshika mtoto, na Lavon akaahidi kumchungulia mzee asubuhi na jioni. Mzee akawa anaaga vizuri asubuhi na anakutwa mezani jioni. Katikati hapo alikuwa anapanda mlimani.

Niliporudi nikaingia bandani nikaona misumari. Kila mtego wa Merle una msumari wake ukutani, tangu enzi na enzi. Misumari ilikuwa mitupu karibu yote.

"Merle! Umeitega wapi?"

Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Nimetega nini?"

Hapo theluji ya kwanza ikaanguka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Merle ni mtu mgumu. Ameua wanyama wengi kuliko nitakavyoweza kuwaombea, na sijawahi kumwona akilia. Lakini alikuwa na jambo moja: hakuna mnyama aliyemngoja Merle Stoddard. Sheria inampa mtegaji siku kadhaa kabla ya kurudi kuangalia mitego. Yeye hakuzitumia hata siku moja. Alipanda na homa. Alipanda siku ya harusi ya Travis, akaja kanisani na matope kwenye suti. "Ukimshika mnyama," alikuwa anasema, "una deni naye la kufika." Mtu aliyemwacha paka mtegoni, Merle hakumsalimia tena mpaka kaburini.

Na huyo ndiye aliyeanza kuamka asubuhi, kuvaa viatu, na kuuvuta mlango nilioufunga kwa ufunguo.

"Kuna paka juu, Nadine. Ananingoja."

"Juu wapi, mume wangu?"

"Juu."

"Korongo gani? Niambie tu, nitakwenda mimi."

Aliangalia dirishani, mlima wote umesimama pale mweupe. Hakujua. Alijua yupo paka, alijua anaumia, na hakujua ni wapi. Akalia. Mtu wa umri ule, mabega yale. Nikamkumbatia nami nikalia, na moyoni nikamlaani Mungu, nasema ukweli wangu, maana kama unamnyang'anya mtu akili, mnyang'anye yote, usimwachie kipande cha kumchoma.

Travis akasema kwenye simu, "Mama, hakuna paka. Ni ugonjwa unaongea. Daktari si alisema wanashikilia jambo moja?"

"Na misumari je?"

"Mitego iko huko, sawa. Lakini kwamba kuna paka ndani yake, baba atajuaje, naye hajui hata leo ni siku gani?"

Lakini niliolewa na Merle, si na daktari.

Ndipo nikaanza shule. Ajabu ya ugonjwa ule ni kwamba uliiba ‘wapi’ ukaacha ‘vipi’. Ukimuuliza ametega korongo gani, anapotea. Ukimuuliza mtu anategaje, anaweka kikombe chini, macho yanamrudia, anakuwa Merle.

"Paka si mbweha," akaniambia, huku akichovya mkate kwenye mchuzi mweupe. "Mbweha ni pua. Unaweza kuchemsha mtego wako na magome mpaka uchoke, mbweha bado atakunusa. Paka ni macho. Paka ni mbea, bibie. Akiona kitu kinachezacheza lazima akachungulie. Mtundikie unyoya kwa uzi, chini ya mwamba, upepo uuchezeshe. Atakuja."

"Halafu?"

"Halafu hapendi kukanyaga kibaya. Ni bibi mwenye viatu vipya. Weka kijiti hapa, kijiwe pale, mwachie palipo laini pa kuweka mguu. Hapo palipo laini ndipo ulipo mtego." Akapanga uma na kijiko mezani, akanionesha. Kisha akaniangalia kwa shaka. "Mbona unauliza? Nani amekutuma?"

"Nataka kujifunza."

"Mwanamke mzima!" Akacheka. Siku hizo kicheko chake kilikuwa adimu, nikakipokea.

Hivyo nikapanda. Dada yangu alikuja kukaa naye, mimi nikachukua pikapu, fimbo, na kahawa kwenye chupa, nikawa natafuta manyoya. Siku za kwanza nilitembea bondeni, kwenye njia ya ng'ombe, kama mjinga, maana bondeni ndiko rahisi kwa magoti. Paka hapiti bondeni. Anapita juu kwenye kingo za miamba, aone bila kuonekana. Nilipoanza kupanda kingo nikaanza kupata. Unyoya wa kwale unazunguka kwenye uzi, chini yake mwamba umejikunja kama pango dogo, mbele yake kijiti, kijiwe, na palipo laini. Nikibonyeza kwa fimbo, chuma kinaruka, paa! Kila ulipofyatuka nilishukuru kwamba ulikuwa mtupu. Nikaubeba nyumbani, nikautundika kwenye msumari wake, nikamwita Merle aje aone.

Alikuwa anaipapasa. "Vizuri," anasema. "Vizuri. Lakini yule bado."

Misumari ikajaa, ukabaki mmoja.

Ule wa mwisho ndio ulionitoa roho. Nilirudia kila ukingo. Kwenye korongo tunaloliita la Mierezi nilikuta unyoya umetundikwa vizuri kabisa juu ya mwamba wa mawe matupu, na chini yake hakuna kitu. Hakuna mtego, hakuna mnyororo, hakuna ardhi iliyofukuliwa. Theluji safi. Nikakaa pale nikala mkate wangu, nikamhurumia. Ndivyo alivyokuwa siku hizo: anaweka kikombe mezani bila kahawa, anavaa koti bila shati. Nikajisemea, ametundika unyoya akasahau mtego, na mtego wenyewe ameuangusha njiani, uko chini ya theluji, haumdhuru mtu. Travis aliposikia akasema, "Unaona sasa? Basi, mama, imetosha. Utavunjika mguu." Nikaona kweli imetosha.

Ila Merle hakuona. Asubuhi viatu. Asubuhi mlango. Na sasa maneno nayo yalikuwa yanamkimbia, akawa ananiambia kwa mikono.

"Ule wake una... una..." Anakunja vidole vyake vya mkono wa kulia, anavikakamaza, anauvuta mkono kuelekea kifuani. "Una hii, Nadine! Hii!"

"Mikono imekufa ganzi kwa baridi, mpenzi?" Na mimi nikamletea glavu za sufu. Nikamvalisha kidole kimoja kimoja. Aliziangalia zile glavu, akaniangalia mimi, akaacha mikono ianguke mapajani.

Kila alipofanya hivyo nilimvalisha glavu.

Nilikwenda kununua chakula cha kuku nikamkuta Lavon kwenye jiko la kuni pale dukani. Akaniuliza mwalimu wangu hajambo. Nikamwambia hajambo, ila baridi inamtesa vidoleni, anavikunja hivi, anavuta hivi. Nikamwonesha. Nilikuwa nacheka kidogo, mnajua mtu anavyocheka akiwa hana la kufanya.

Lavon hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hiyo si baridi. Hiyo ni kulabu."

"Kulabu gani?"

"Penye mawe matupu huwezi kupigilia kigingi. Kwa hiyo mnyororo unaufunga kwenye kulabu ya chuma, ina meno, kama nanga. Paka akinaswa anaondoka na mtego wote, kulabu inaburura, mpaka ikwame kwenye kichaka. Sasa wewe uliona mahali popote pana unyoya na hapana mtego?"

Kama alinimwagia maji ya barafu. Kwa anayejua, unyoya bila mtego ni kengele. Kwa mimi ninayeanza, ulikuwa mahali pazuri pa kula mkate.

Nikamshika koti. "La Mierezi! Twende. Sasa hivi."

"Shemeji, lile ni korongo la Merle. Sijawahi kulikanyaga. Baba yangu hakulikanyaga."

"Lavon! Merle hajui tena korongo ni nini! Hajui jina la mbwa!"

"Mimi najua," akasema. Na alikuwa anaona haya, lakini hakubadilika. Huku kwetu ndivyo tulivyo, wapumbavu wenye adabu. Alikubali kuja mpaka mdomo wa korongo. Pale akazima gari, akavua kofia, akasimama kando ya pikapu yake, asipeleke mguu mbele. "Usitazame juu," akaniambia. "Paka mwenye mzigo hapandi. Teremka na mteremko, tafuta palipo na vichaka vizito. Ukiniita kwa shida nitakuja, Merle atanisamehe."

Akanipa bunduki ndogo ya Merle niliyokuwa nimeipitia nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeisahau kwenye kiti cha gari.

Kutoka kwenye ule unyoya niliteremka. Hapakuwa mbali. Huo ndio ubaya wake, hapakuwa mbali kabisa. Pale nilipokaa na mkate wangu, kama ningenyamaza na kutega sikio, huenda ningesikia mnyororo. Nilikuta jiwe lenye mkwaruzo mweupe, mbele yake tawi limevunjika, kisha kundi la mierezi midogo iliyosongamana. Magome yametafunwa kwa chini yote kuzunguka. Theluji iliyokuwa karibu yake imelambwa mpaka udongo.

Alikuwa hai.

Sikutaka awe hai, na nawaambia hivyo bila haya. Njia nzima nilikuwa naomba nimkute ameganda. Alikuwa jike, mwembamba, mbavu zinahesabika, amelala ubavu na mguu wa mbele kwenye chuma. Mguu wenyewe haukuwa mguu tena. Aliponiona alijaribu kunguruma, kinywa kikafunguka, sauti haikutoka. Kisha akaacha, akaniangalia tu. Kama ungekuwa mguu wa kupona ningemfungua, hata kama angenirarua uso ningesema ni haki yake. Haukuwa wa kupona.

"Samahani," nikamwambia. "Amekuulizia kila siku. Haki ya Mungu, kila siku amekuulizia."

Nilikuwa sijawahi kuua kitu kikubwa kuliko kuku. Nilipiga mara moja, na kwa rehema ikatosha.

Lavon alisikia mlio. Niliposhuka nimembeba begani, mtego na mnyororo na kulabu mkononi, alinifungulia mlango wa gari na akakaa na kofia yake kifuani mpaka nilipoondoka.

Njiani nilikuwa na wazo moja tu lililonishikilia kwenye usukani: angalau Merle atapumzika. Mnyama amekwisha kufikiwa, na amefikiwa na mtu wa nyumba yake. Nitamwonesha, atamwona kwa macho, na kesho asubuhi atakunywa kahawa yake bila kuvuta mlango. Kwa hilo nilikuwa tayari kubeba yale macho ya yule jike mimi peke yangu, maisha yote.

Alikuwa amekaa barazani juani, dada yangu amemfunika blanketi. Nikamweka paka miguuni pake. Nikaweka na mtego, na kulabu.

"Merle. Nimempata. Ni huyu. Kwisha."

Aliinama. Mikono yake ikajua la kufanya kabla yake. Ikamgeuza yule paka, akapuliza manyoya ya tumbo kuona yanavyofunguka, kama alivyopuliza maelfu. Akapapasa mbavu, akapapasa mguu. Pale kwenye mguu mikono ikakaa kidogo.

"Tumbo zuri," akasema. "Lakini umemkawiza. Ona alivyokonda. Usimkawize hivi tena."

"Sitamkawiza tena."

"Wa kwanza huyu?"

"Wa kwanza."

"Si haba kwa anayeanza." Akanipiga begani, mkono mzito ule ninaoujua, akatabasamu, na nawaambia lilikuwa tabasamu lake lenyewe, la zamani. Dada yangu akaanza kufuta machozi, akidhani mambo yamekuwa mema. Mimi nami nikadhani hivyo, kwa muda wa kuvuta pumzi.

Kisha akalitoa blanketi, akashika nguzo ya baraza, akajiinua.

"Sasa nipishe, bibie," akasema. "Kuna wangu kule juu. Ananingoja."

"Merle, ndiye huyu! Ndiye huyu hapa, mume wangu, mwangalie, nimekuletea!"

Alimtazama paka, akanitazama mimi, kwa upole mkubwa, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mwanafunzi.

"Hapana," akasema. "Huyo ni wako."

Akaanza kutafuta viatu vyake.